Agnesi na Fundo la Gunia

Ninyi vijana mnaonunua mahindi kwa kutazama picha kwenye simu, sina ugomvi nanyi. Ila katika maisha yangu sijawahi kuona picha ya mahindi yenye dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje. Kila picha ninayoonyeshwa mahindi ni meupe, makavu, yamepembuliwa vizuri. Sisi tulikuwa na bambo.

Bambo ni kile chuma kifupi chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma gunia, punje zinateremka kiganjani, unazitazama, unang'ata moja. Ikilia kama kokoto, ni kavu. Ikikubali meno, mwambie mwenye mali arudi akaanike. Aliyenifundisha kazi, Bibi Matika, mshonaji wa magunia, alinipa sheria moja tu: usichome mahali pamoja. Choma mdomoni, choma tumboni, choma kitakoni. Maana mkulima mwerevu huweka mahindi mazuri mdomoni, na mkulima mwerevu zaidi huyaweka mdomoni na tumboni.

Nimeanza na bambo kwa sababu nataka kuwaeleza habari za mtoto, na sijui mlango mwingine wa kuingilia. Wengi wenu sasa ni wazazi. Wiki iliyopita mmoja wenu alikuja barazani kwangu, akaniambia, "Shikamoo bibi. Mwanangu hatulii. Mwalimu anataka nimtoe shule, mama mkwe anataka nimpeleke kwa mganga wa kienyeji, na mimi mkono umechoka kuchapa." Nikampa maji, nikamwambia akae. Niliyomwambia mchana ule ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na moja ambalo sikumwambia kwa sababu ya aibu.

Nilikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa tangu serikali ilipofungua mlango wa biashara ya nafaka, mtu binafsi akaweza kununua gunia na kulisafirisha mchana bila kulifunika kwa kuni. Soko halikuwa na ukuta wala geti. Lilikuwa ni barabara ya Dar es Salaam, vumbi, malori, na watu waliojua kusema uongo kwa heshima. Madalali tulikuwa kumi na tisa, wanawake wawili. Nilihesabu mara mbili: wawili. Mwenzangu akaolewa, akahama, nikabaki mmoja. Hapo sikuhitaji kurudia.

Watu waliniita Mama Mara Mbili. Gunia likipandishwa kwenye lori nalihesabu, lori likijaa nahesabu tena. Ndoo za maji, hatua za kutoka nyumbani hadi kibandani, kuku, vifungo vya shati la mteja anaponidanganya. Wenzangu walidhani ni ujanja wa biashara, nami sikuwakatalia. Sifa ya bure haikataliwi.

Agnesi ni mwanangu wa pekee. Baba yake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu kutafuta, na inaonekana mpaka leo bado anatafuta. Tulibaki wawili katika chumba kimoja nyuma ya soko, na kusema kweli nilikuwa mpweke kuliko mtu anayeishi peke yake, kwa sababu yule wa pili hakuwepo hata alipokuwepo.

Nikimwita, haitiki. Simama mbele yake, anaitika kwa mshangao kama umetoka ardhini. Kutoka kwangu hadi dukani ni nyumba saba. Nikimtuma chumvi, anatumia saa nzima, anarudi bila chumvi, lakini anajua mbuzi wa nyumba ya tatu amezaa mapacha na mmoja ana sikio jeusi. Muhula mmoja alipoteza penseli kumi na nne. Alirudi na kiatu kimoja, akaapa kwamba alikwenda na kimoja. Hawezi kungoja zamu yake bombani. Swali la mwalimu analijibu kabla halijaisha, na mara nyingi jibu ni sahihi, ila la swali jingine. Akila, anakula huku anatembea. Akilala, miguu inaendelea na safari.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana naona mnalirudia. Nilikuwa na mizani mbovu, springi yake ilikuwa imekufa. Siku moja nikamkuta Agnesi ameifungua yote, amepanga vipande kwenye kanga, amekaa. Amekaa! Tangu saa nne hadi saa saba, hakuinua kichwa, hakuomba maji. Alipoifunga, mizani ikafanya kazi. Mzazi mwenye akili angefurahi. Mimi nikasema, "Kumbe kukaa unaweza! Basi huku kwingine ni jeuri tu." Nikamchapa kwa ajili ya penseli zote kumi na nne.

Sikujua kwamba hiyo nayo ni dalili. Mtoto wa namna hii si kwamba hana makini. Anayo, ila hashiki yeye usukani. Kitu kikimvuta, anazama. Kisipomvuta, hata umpigie ngoma, amekwenda.

Nikajaribu ninachokijua, yaani kupatana. "Agnesi, ukikaa darasani hadi kengele, Jumamosi nakununulia andazi." Anakubali kwa moyo wote. Nimepatana na madereva, na matajiri wa mjini, na mkulima mmoja aliyekuwa kiziwi anapotajiwa bei ya chini, lakini sijawahi kuona mteja anayekubali haraka kama yule na kuvunja patano haraka kama yule. Na kila akivunja alilia kwa uchungu wa kweli. Hilo lilipaswa kunishtua. Mtu jeuri halilii patano alilolivunja.

Akiwa darasa la tatu, mwalimu wake, Mwalimu Lazaro, akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na uchovu wa mwalimu una fimbo.

"Mama Agnesi, mtoto anavuruga darasa. Kaa naye nyumbani hadi mwisho wa likizo, uamue. Ama umrekebishe, ama umtoe."

"Nikimtoa nimpeleke wapi?"

"Mama, mimi najua hesabu na jiografia. Hilo sijui."

Basi nikawa naye sokoni, kando ya barabara kuu. Siku ya pili lori moja lilidondosha nati. Nati tu, ya gurudumu, ikawa inaviringika kwenye lami. Agnesi akaifuata. Sikuona alipoondoka. Nilisikia breki, kisha nikasikia kelele za soko zikikatika, na wanaojua soko wanajua kwamba kelele hizo hazikatiki hata kwa msiba. Lori la pili lilisimama, bampa likiwa juu ya kichwa chake. Yeye alikuwa amechuchumaa, nati mkononi, anasoma maandishi yaliyochongwa juu yake.

Dereva alishuka. "Mama, huyu mtoto ana macho?"

"Anayo mawili," nikamjibu.

"Basi mwambie siku nyingine ayatumie yote!"

Kesho yake nilifanya lile ambalo sikumwambia yule kijana barazani. Nilichukua kamba ya katani tunayoshonea magunia, nikamfunga Agnesi kifundo cha mguu kwenye nguzo ya kibanda changu. Nilimfunga fundo la gunia. Fundo hilo Bibi Matika ndiye aliyenifundisha: kuli akilitupa gunia kutoka juu ya lori, haliachii. Haliachii kwa maji wala kwa mkono. Mnunuzi akifika anapokwenda, hukata kwa kisu.

Mtoto alikaa. Siku nzima kimya, amejikunyata nyuma ya nguzo, mgongo kwangu. Siku ya pili vilevile. Wateja walipita wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Mara Mbili, na huyo unamuuza kwa lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo?" Mimi nikacheka naye. Naandika hili polepole: nilicheka naye. Nilidhani nimepata dawa. Jioni nilimfungua kwa kisu, asubuhi nikamfunga kwa kamba mpya. Hakusema neno, wala sikumuuliza.

Siku ya tatu akaja Bibi Matika, shazia lake, ile sindano nene ya kushonea magunia, limechomekwa kwenye kilemba kama kawaida. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, kisha akaiona kamba. Hakupaza sauti. Aliomba kisu changu.

"Mwanangu," akasema, "fundo hili nilikufundisha kwa ajili ya kitu kisicho na damu."

"Bibi, lori lilitaka kumuua."

"Najua. Na wewe umetaka nini?" Akaikata. "Umemchoma mahali pamoja, mdomoni tu. Kila siku mdomoni. Mpeleke Dodoma hospitali wakamtazame."

Kulikuwa na hospitali nyingi, lakini nilijua anasema ipi. Ninyi mnacheka mkisikia mtu anakwenda Dodoma na mwenzake anamuuliza, "Bungeni, au kule kwingine?" Sisi tulicheka kabla yenu. Mtu aliyeonekana kwenye lango lile alirudi na jina, na jina lile halikufutika.

"Bibi, kule ni kwa wendawazimu. Mtoto hataolewa. Hata mahindi yangu hayatanunuliwa."

"Mdogo wangu alifika kule amefungwa kamba, kama huyu wako. Wao ndio walioikata. Huko kijijini tulikuwa tunaikaza tu."

Niliwaambia watu nakwenda Dodoma, Ipagala kwa shangazi. Sina shangazi Ipagala. Nilivaa kanga hadi puani, nikashuka kituo kimoja kabla, nikamshika Agnesi mkono kwa nguvu. Kufika barazani kwa wagonjwa wa nje, nani amekaa kwenye benchi? Mzee Sudi. Dalali mwenzangu, hasimu wangu mkubwa, mtu aliyeniibia wateja kwa miaka minne, nami nikamwibia kwa mitano. Pembeni yake alikaa mdogo wake wa kiume, ambaye soko zima tuliambiwa anafanya kazi Tanga.

Tukatazamana.

"Umeleta nini?" akaniuliza.

"Mahindi," nikasema. "Na wewe?"

"Mahindi."

Nikaketi. Akasema, bila kunitazama, "Yangu yaliingia unyevu zamani. Usichelewe na yako." Akamkatia Agnesi nusu ya chungwa lake. Hatukulizungumza tena jambo lile, si kule wala Kibaigwa. Sokoni tuliendelea kutukanana kama kawaida, na hakuna aliyejua kwamba kwa miaka yote ile tulikuwa tunatunziana siri. Alipofariki sikuwa tena na mtu wa kushindana naye, wala wa kunyamaza naye.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Sista Edita, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Nilitegemea atamtazama Agnesi macho kwa tochi, aandike karatasi, basi. Badala yake akachoma bambo. Hatulii nyumbani tu, au na shuleni pia? Na kanisani je? Tangu lini, kabla hajaanza shule au baada ya baba kuondoka? Analala vizuri? Anakula asubuhi? Amewahi kuanguka kifafa, au kuganda dakika moja macho yametulia? Aliugua malaria ya kichwa? Akapima masikio, akanong'ona nyuma ya mgongo wake, Agnesi akasikia. Akapima macho. Kuna mtoto anayeonekana hasikilizi kwa sababu hasikii kweli, alisema, na mwingine hatulii kwa sababu ana njaa au nyumbani kuna vita. Hao usiwape jina la ugonjwa mwingine.

Mwisho akampeleka kwa daktari, na daktari akaongea naye, akaongea nami, akarudia maswali yaleyale kwa njia nyingine. Nikampenda. Mtu anayehesabu mara mbili namtambua.

Sista Edita ndiye aliyenieleza. "Mama, mwanao si mwendawazimu. Hajalogwa. Wala hukumlea vibaya, ingawa," akatazama alama kwenye kifundo cha mguu, "kuna kitu utaacha leo." Akasema kuna watoto waliozaliwa na makini isiyotulia na mwili usiotulia. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu nikalisahau kabla sijafika mlangoni. Siku hizi mnaliita ADHD. Alisema kweli pia kwamba dawa zipo duniani lakini wao pale hawana, na kwamba hata ambako zipo, daktari ndiye anayeamua, si jirani. "Lakini kwanza ni namna ya kukaa naye. Hiyo haihitaji duka la dawa."

Neno moja kwa wakati mmoja, akasema. Umwendee, umguse bega, umtazame, useme, naye arudie. Kazi ndefu ikate vipande. Akifanya vizuri msifu palepale, usingoje Jumamosi, maana kwake Jumamosi haipo. Kila kitu kiwe na mahali pake na saa yake. Mwache atembee kabla hujamwambia akae. Naye anapochoka na kulia, jua kwamba siku nzima amekuwa akijitahidi kuliko mtoto yeyote darasani, na hakuna aliyeona.

Nilikuwa nahesabu mambo aliyoyasema kwa vidole. Nikafika mwisho, nikarudia. Akaniangalia.

"Kwa nini unahesabu mara mbili?"

"Ni kazi yangu, sista."

"Sikuulizi kazi. Ukihesabu mara moja kinatokea nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafungua mdomo niseme ujanja wa biashara, ukatoka ukweli. "Napotea. Nikifika thelathini na kitu, akili inakwenda. Naona ndege, au nasikia mtu anasema jina, nikirudi sijui nilikuwa wapi. Tangu utotoni. Baba yangu aliniita Upepo. Alinichapa hadi nikajifunza kurudia."

Sista Edita alinisogezea karatasi ya kufutia machozi, ilikuwa ni ukurasa wa daftari. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Muda wote huo nilidhani mimi ni mvivu aliyejificha vizuri.

Tuliporudi nikamfuata Mwalimu Lazaro shuleni, barua ya daktari mkononi. Aliisoma, akaikunja.

"Mama Agnesi, nimeelewa. Lakini nina watoto tisini na mmoja kwenye chumba kimoja."

"Nimewahesabu dirishani muhula uliopita, mwalimu. Tisini na wawili."

"Umemhesabu wako mara mbili. Hakai mahali pamoja."

Akacheka, nami nikacheka. Patano linaloanza kwa kicheko huwa linauzika. Nikaanza juu, kama kawaida yangu. "Akae peke yake dawati la mbele, apewe dakika kumi za kukimbia kila saa, na fimbo uichome moto."

"Mama, hapa ni shuleni, si sokoni."

"Haya, fimbo ibaki, ila isimguse. Dawati awe na wenzake, lakini mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha. Na akianza kuchezesha miguu, umtume."

"Nimtume wapi?"

"Popote. Afute ubao. Apeleke madaftari ofisini."

"Akipotelea huko?"

"Mtume kitu kimoja. Akirudie kwa mdomo wake kabla hajatoka mlangoni."

Mwalimu akaifikiria. "Na wewe unatoa nini?"

"Kila jioni nakaa naye robo saa, anaruka kamba, tunakaa robo saa tena. Kila Ijumaa nakuja hapa dirishani. Mwisho wa muhula ukisema hakuna nafuu, namtoa mwenyewe."

Maneno ya mwisho yalinitoka. Dalali hapaswi kuweka mezani kitu asichoweza kukipoteza. Muhula ule wote nilikonda. Ijumaa ya kwanza mwalimu alitikisa kichwa. Ya pili alitikisa. Ya tatu alikuwa hayupo, na Agnesi alikuwa amepotea na madaftari, tukamkuta jikoni kwa walinzi anatengeneza redio. Nikarudi nyumbani, nikapika mlenda ukaungua, tukaula. Ijumaa ya saba mwalimu hakutikisa. Alisema, "Leo alinyoosha kidole, akangoja." Tu. Nilitembea hadi sokoni bila kuhesabu hatua.

Mwisho wa muhula alikuwa wa sitini na nane kati ya tisini na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa wa mwisho, daima. Nikaisoma karatasi mara mbili. "Abaki," Mwalimu Lazaro akasema, "ila nunua penseli nyingi."

Msinielewe vibaya. Hakugeuka kuwa mtoto wa picha. Viatu viliendelea kupotea. Sekondari hakuchaguliwa. Alikwenda kujifunza ufundi, na leo ana karakana Kizota, anatengeneza mizani na mashine za kusaga. Anapokea kazi nne kwa pamoja na kuzimaliza tatu. Ya nne mwenye nayo humjia juu, kisha humsamehe, kwa sababu ile aliyoimaliza haiharibiki tena.

Basi yule kijana wangu wa barazani nilimwambia hivi. Usichukue neno langu, mimi ni dalali. Si kila mtoto mtundu ana jambo hili. Mtundu akichoka hukaa. Tazama nyumbani, uliza shuleni, uliza kwa bibi yake, na utazame kwa miezi, si kwa siku mbili za hasira. Msichana naye mtazame, maana mwingine haruki wala hapigi kelele, anaota tu kwenye kona, na hakuna anayemwona. Kisha mpeleke kwa daktari. Siku hizi msaada ni mwingi kuliko wakati wangu. Ukikutana na jirani kwenye benchi, mwambie umeleta mahindi. Na wewe mwenyewe, ukisikia maswali yanakuhusu, yajibu. Akaniuliza, "Na ningoje hadi lini kumpeleka?" Nikamwambia mimi nilingoja hadi lori.

Sasa naishi peke yangu. Magoti yamekataa soko. Agnesi husema atakuja Jumamosi, anakuja Jumanne, au Jumamosi nyingine. Napika ya watu wawili, nakula ya mmoja, kuku wanakula inayobaki. Simlaumu. Najua anakopotelea, nimeishi huko. Lakini kujua hakufupishi Jumamosi.

Mwezi uliopita alikuja, Jumanne. Alikuwa anatafuta bisibisi kwenye kopo langu la zamani, akatoa bambo, kisha akatoa kipande cha kamba ya katani. Nilikitunza tangu siku Bibi Matika alipokikata.

"Mama, hii ya nini?"

"Ya gunia."

"Hii si ya gunia," akasema. "Hii ni yangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mingi, lakini yeye alikuwa anaigeuzageuza kamba mkononi, vidole vyake vyenye grisi vikaanza kulifunga lile fundo lenyewe.

"Hili fundo lenu mnalisifia bure," akasema. "Asubuhi ile ya kwanza nililifungua hata hujauza gunia moja. Unausukuma uzi wa chini urudi ulikotoka, sikio linalegea. Ona. Nikalifunga. Nikalifungua tena. Siku mbili zote. Wewe ulidhani nimetulia?"

"Kama ulilifungua, mbona hukukimbia?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza bei aliyokwisha kuambiwa.

"Niende wapi, mama? Ulikuwa peke yako pale, unahesabu."

Sikuipokea kama msamaha. Kamba ni kamba, hata kama aliyefungwa alikuwa fundi. Nikasema, "Agnesi, nisamehe." Nilipoinua macho, alikuwa ameshatoka. Pampu ya jirani ilikuwa inalia vibaya na ilikuwa imemwita. Nikakaa na kamba mezani, fundo limefunguka. Nikajaribu kulifunga, nikashindwa kukumbuka uzi wa chini unapita wapi.

Alirudi baada ya saa nzima, mikono imelowa, amesahau alichokuja kutafuta. Nikamgusa bega, nikamtazama machoni, nikasema tena neno moja tu: "Nisamehe."

"Mama," akasema, akiiona bisibisi kwenye kopo na kuichukua, "nilikusikia mara ya kwanza."